Ukuta Unaoelea

Benchi la nje ya duka la kinyozi kila jioni hubeba wanaume wale wale, wanaojua kila kitu isipokuwa saa ya kurudi nyumbani. Jioni hii upepo ulikuwa umechachamaa, na kahawa ilikuwa haimshuki Seremala. Baada ya miaka ya kuwachongea watu vitanda, alikuwa amejiundia boti yake ya kwanza. Ilikuwa bandarini, imefungwa kwenye yale maboksi makubwa ya chuma yanayoelea, yaliyowekwa na kushikwa kwa minyororo ili kuzuia mawimbi.

— Ukuta gani huo usio na msingi? — aliuliza Mwashi, ambaye bado alikuwa na kinyongo kwamba hakuitwa ajenge wa mawe. — Chini kuko wazi. Wimbi litainama, litapita.

— Nguvu ya wimbi iko juu, — alisema Kinyozi. — Ukishuka inapungua. Kama Redio hapa: kelele juu, chini hamna kitu.

Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki, wala hakukasirika.

— Wimbi likigonga boksi, nusu yake inarudishwa. Likirudi linakutana na wenzake, linawaambia huko msiende, kuna kipigo.

— Mawimbi yanaambiana? — aliuliza Mwashi.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo methali umeichomeka tu, kaka, — alisema Kinyozi.

— Ngoja. Nusu nyingine inalichezesha boksi mpaka inachoka. Ikifika ndani, imeshasinzia. Unaweza kunyoa mtu ndevu kwenye boti, kwa wembe, asikatike!

Seremala alicheka. Alijua ni porojo, lakini alitamani sana kuziamini.

— Kwa hiyo boti yangu salama?

— Salama salimini.

Hata Mwashi alikubali, shingo upande.

Mke wa Seremala, aliyekuja kumwita akale, alikuwa amewasikiliza mkono kiunoni.

— Baba watoto, uliifunga upande gani wa hayo maboksi?

— Ndani kulikuwa kumejaa. Nikaifunga upande wa bahari, kuna nafasi tele.

— Na hiyo nusu inayorudishwa, inampiga nani?

Seremala alikuwa ameshatimua mbio kuelekea bandarini, kandambili moja ikibaki barabarani.

— Na nyie shemeji zangu nyanyukeni, — mkewe akasema, akiiokota. — Boti haivutwi kwa mdomo.