Fundi Funguo, Aliyemkosoa Rafiki Maisha Yake Yote na Mkewe Mara Moja

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Fundi Funguo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akajifunza kuchonga funguo kwa mjomba wake, katika kibanda kilekile alichokifunga kwa mara ya mwisho mwaka jana. Hakuna kufuli lililomshinda. Kilichomshinda ni kunyamaza akisikia fundisho potofu kanisani.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977. Mkewe, aliyetunga maneno haya na kukataa yapunguzwe makali, anakumbuka kwamba siku hiyo mpiga picha alisubiri sana, kwa sababu bwana harusi alikuwa nyuma ya kanisa akibishana na msimamizi wake, Fundi Makochi. Huyu alifundisha kwamba Mkristo akiugua, basi imani yake ni haba. Baadaye wazee wa kanisa walitaka atengwe. Marehemu akakataa: "Ndugu akipotea njia unamfuata. Humzomei ukiwa umekaa kwako." Basi akawa anamfuata kila Alhamisi jioni, wawili peke yao kama Maandiko yanavyoagiza, Biblia juu ya kochi lisilo na kitambaa.

Mkewe alibaki na sufuria na wivu. Tuseme ukweli mbele ya jeneza: alimwonea wivu Fundi Makochi kuliko ambavyo angemwonea mwanamke. Kama ni mwanamke, angejua la kumfanya. Mume alirudi sauti imemkauka, maneno yote kayaacha kwa yule. Siku moja mama huyu akazusha uzushi wake mwenyewe mezani, kwamba malaika nao huzeeka, ili naye akosolewe japo kidogo.

"Sawa, mama," marehemu akajibu. "Nipe chumvi."

Chumvi alipewa. Neno jingine hakupewa mpaka asubuhi.

Mwezi wa Januari mwaka huu mapafu yalianza kumsumbua, na tarehe 2 Mei akalazwa. Fundi Makochi alikuja kila siku, akakaa kwenye kiti cha plastiki, na hata pale mama alimtazama kwa husuda. Alasiri moja, mgeni akiwa ametoka kuchota maji, mama alizidiwa.

"Baba, ningekuwa na imani ya kutosha ungepona. Kosa ni langu."

Safari hii hakuwa akizusha.

Marehemu akaisogeza pembeni barakoa ya oksijeni. "Hapo umekosea. Njoo karibu." Akamweleza kwa pumzi za kuokoteza, kuanzia Ayubu hadi yule kipofu aliyezaliwa hivyo bila kosa lake wala la wazazi wake, mkono wake kaushika. Mama alielewa mapema, lakini aliendelea kubisha ili asimalize haraka.

Walipogeuka, Fundi Makochi alikuwa mlangoni na jagi la maji.

"Miaka yote hiyo," akasema, "mimi hajawahi kunieleza taratibu hivyo."

Mama aliutambua uso aliokuwa nao Fundi Makochi. Ulikuwa wake mwenyewe wa kila Alhamisi.

Marehemu alifariki tarehe 13 Mei. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, na Fundi Makochi, ambaye Jumapili iliyopita alisimama kanisani akalikana fundisho lake huku akilia. Mjane amemsogezea nafasi kwenye benchi la familia. Ila ijulikane kwamba wa mwisho kukosolewa alikuwa mkewe.

Apumzike kwa amani mume wake.