Hakorimana Cyusa, Kocha wa Mizinga ya Kalembe

Wachungaji, wazee wa kijiji, wakwe zetu mliotembea kutoka Kibua, walimu, wanafunzi, na nyote mliokuja kulia pamoja nasi. Mimi ni Mukandori, dada mkubwa wa marehemu. Familia ilinipa kazi ya kusoma maisha yake, na wazee wakaniomba nisome polepole, tena bila hasira. Polepole nitaweza. Mnajua yaliyosemwa juu ya ndugu yangu tangu mwaka jana: kwamba alificha silaha, kwamba alikuwa na watu wa porini. Kabla udongo haujamfunika, nataka kila aliye hapa ajue tunamzika nani.

Hakorimana Cyusa alizaliwa Mweso, territoire ya Masisi, tarehe 2 Novemba 1981, mtoto wa nne wa Papa Dusabimana na Mama Drocella, wakulima wa viazi na maharagwe, ambao wote wawili wametangulia. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Mama alizoea kusema kwamba ulimi wa Cyusa ulizaliwa kwanza, yeye akafuata baadaye. Akitumwa kuchota maji, kijiji kizima kilijua anakwenda kisimani na kwa nini hataki.

Shule ya msingi aliisoma Mweso. Sekondari aliianza Masisi-centre, vita vikamtoa darasani mara mbili, akarudi mara mbili, na mwaka 2002 akapata diplôme yake ya ualimu. Pale shuleni ndipo mpira ulipomshika. Lakini ukweli usemwe hata mbele ya jeneza: ndugu yangu hakujua kucheza. Mpira ule wa majani ya migomba ukimfikia, ulipita katikati ya miguu yake kama kuku anayekimbia mvua. Wenzake walimtoa uwanjani, akabaki pembeni anapiga kelele, nani aende wapi, nani amfuate nani. Baada ya muda waligundua kwamba upande anaoupigia kelele ndio unaoshinda. Basi wakaanza kugombania nani atasimama naye.

Mwaka 2004 alikuja hapa Kalembe kufundisha darasa la tano, na hakuhama tena. Miaka mingine mshahara haukuja kabisa. Alilima kama sisi sote, na asubuhi alikuwa mbele ya ubao. Aliwapiga wanafunzi maneno tu, fimbo hakuijua. Wengi wenu mliokaa hapa mlijifunza kugawanya sehemu kwa mifano ya penalti na kona.

Tarehe 17 Julai 2010 alifunga ndoa na Nadine, binti wa Papa Athanase wa Kibua, upande wa Walikale, mrina asali. Sisi watu wa milimani tulipeleka mbuzi, nao watu wa msituni wakatujibu kwa madumu ya asali. Cyusa hakuila asali ile. Aliiuza yote sokoni, na siku ya pili ya ndoa yake akarudi kwa mkewe na mpira wa ngozi kwa ajili ya timu ya vijana wa Kalembe. Nadine akamwambia angalau aipe timu jina la kitu kilichoinunua. Hapo ndipo timu ya Kalembe ilipoitwa Mizinga. Mizinga ya nyuki, ile anayoitundika Papa Athanase juu ya miti. Watoto wa Masisi na watoto wa Walikale waliingia katika timu hiyo bila kuulizwa baba yako anasema lugha gani nyumbani, na tunajua sote kwamba katika nchi hii swali hilo limeua watu.

Msimu wa mwaka 2024 ulianza Februari. Ulikuwa msimu mzuri kuliko yote na mwaka mbaya kuliko yote. Mchezo mmoja walicheza huku wakimbizi wakipita kando ya uwanja na magodoro kichwani. Mwingine ulikatwa na milio ya risasi, ukamaliziwa wiki iliyofuata. Katikati ya msimu tulimzika Carmel, winga wetu wa kushoto, aliyekufa shambani kwao bila kosa lolote. Waliendelea. Kufika Agosti, Mizinga walikuwa wa kwanza katika ligi, na ulibaki mchezo mmoja tu: Jumapili tarehe 25, Kibua, kwa wakwe zake. Sare ingetosha kuwapa kombe.

Njia ya Kibua haikuwa salama. Nilimwambia aache. Nadine alimwambia aache. Lakini kanuni ya ligi ilikuwa moja: timu isiyofika uwanjani inapigwa forfait, yaani imeshindwa bila kucheza, na ndugu yangu aliichukia forfait kama wengine wanavyochukia ukoma. Alisema vijana hawa wamenyang'anywa mashamba, shule na rafiki yao, msimu nao hawatanyang'anywa. Akachukua simu, akawatumia wachezaji ujumbe wa sauti. Ninaujua kwa kichwa, maana baadaye ulisikilizwa na watu wengi mno:

"Jumapili Mizinga njo itapiga Kibua. Tunaingilia ku kushoto, kule hawana défense. Tunashambulia mapema, bado hawajaamuka. Élie atabaki nyuma. Mutu asichelewe."

Walitoka Jumamosi alfajiri, kwa miguu, viatu vya mpira mabegani. Kwenye barrière moja, kizuizi cha njia ndani ya msitu, wenye bunduki waliwasimamisha, wakachukua simu ya Élie, kipa na kapiteni wetu, wakasikiliza. Hebu sikilizeni tena maneno yale kwa masikio ya mtu mwenye bunduki. Walisikia vita. Wakauliza mizinga iko wapi. Élie yuko hapa, ndiye aliyenisimulia. Anasema kijana mmoja alijibu, "Iko hapa, njo sisi," akimaanisha timu, wakampiga. Cyusa akaeleza kwamba mizinga ya kweli imetundikwa juu ya miti kwa mkwe wake, imejaa asali. Wakadhani anawachezea. Kwa lugha yetu neno ni moja, kwa Kinyarwanda ni lile lile, la nyuki na la bunduki kubwa ya vita. Hakuna aliyepata mahali pa kulikimbia neno lile.

Kisha ndugu yangu akasema jambo ambalo nataka watoto wake walishike. Akasema: "Sauti ni yangu. Hawa batoto niliwaita tu kucheza, hawajue kitu. Mubaki na miye."

Wakabaki naye. Vijana wote waliachiliwa jioni ile, wakarudi Kalembe. Yeye alitiwa shimoni, ndiyo jela yao. Wapo wanaosema ulimi uliponza kichwa. Nawajibu leo: ulimi huo huo uliwarudisha watoto wenu nyumbani, na baadhi yao ndio waliobeba jeneza hili.

Habari ilipofika Kibua, Papa Athanase hakumtafuta mkubwa yeyote. Alipanda mtini, akashusha mzinga, akaufunga kwa majani, akaubeba kichwani hadi kwenye barrière ile, mzee wa miaka yake, nyuki wakimuuma shingoni. Aliuweka chini mbele ya mkubwa wao na kumwambia, "Muzinga njo huyu. Ulikuwa unatafuta huyu. Sasa unipatie mutoto wangu." Anasema walicheka. Walicheka sana, wakala asali, wakamtoa Cyusa shimoni tarehe 31 Agosti. Alikuwa hawezi kusimama. Walikuwa wamempiga viunoni kwa vitako vya bunduki, kila siku, wakitaka awaonyeshe mizinga. Papa Athanase, sisi wa milimani hatujui jinsi ya kukushukuru. Ulimwoza binti, ukamzaa mwana.

Kamati ya ligi iliandika forfait. Kibua wakawa mabingwa wa mchezo ambao hawakuucheza, nao wenyewe waliona haya. Cyusa aliomba mchezo urudiwe. Aliomba Septemba, akaomba Oktoba. "Forfait ni ya ule alikataa kuja," alisema. "Miye nilikuja." Novemba uwanja wa Kalembe ukajaa mahema ya wakimbizi, na hakukuwa tena na mahali pa kurudia kitu chochote. Lililomuumiza zaidi halikuwa hilo. Yalikuwa maneno ya watu. Wale wa barrière walicheka wakayamaliza. Hapa kwetu hayakuisha. Mliacha kumsalimia njiani. Mlitoa watoto wenu darasani kwake. Mlimwita Papa Mizinga, na hamkuwa mnasema juu ya nyuki.

Kuanzia Desemba miguu yake ilianza kuvimba, mkojo ukawa mweusi. Alilazwa Mweso mara mbili. Waganga wa hospitali walifanya walichoweza na kutueleza kwamba figo zimekufa, inatakiwa mashine ya kusafisha damu, na mashine iko Goma. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa na vita. Tukabaki kumpa maji kidogo kidogo na kumwombea. Akiwa kitandani aliwafundisha wagonjwa wenzake mambo ya défense. Alikufa Mweso, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, Nadine akiwa amemshika mkono.

Marehemu anaacha mjane, Nadine. Watoto wanne, Claudette, Gisubizo, Muhawenimana na mdogo Thierry. Wakwe zake, Papa Athanase na Mama Joséphine-Marie. Mimi na wadogo zangu wawili. Wanafunzi wa darasa la tano. Na timu yake, ambayo baada ya Carmel imepungua tena.

Lipo jambo moja la mwisho. Tulipomtoa Mweso tulimvisha maillot, jezi ya timu, lakini Nadine aliigeuza, ndani ikawa nje, kwa sababu jina la timu limeandikwa kifuani na tulijua sanduku litafunguliwa kwenye barrière za njiani. Lilifunguliwa mara mbili. Walimkagua maiti, wakaona nguo isiyo na neno, tukapita. Leo asubuhi, kabla ya kupiga misumari, wazee waliuliza kama tumwache hivyo hivyo, kwa usalama wetu tunaobaki. Nadine alisema: "Hapana. Muigeuze. Kwenye anaenda hakuna mutu wa kumuuliza hili neno maana yake nini."

Élie na wenzake walimvua, wakamvisha upya. Basi tunamzika kocha wa Mizinga, na jina liko nje. Lala, ndugu yangu, kwa amani ya Bwana, ambayo haina barrière.