Kabla Pampu Haijafunguliwa: Maneno ya Darasa la Usemaji la Nyabusalu

Ndugu Mgeni rasmi,
Ndugu viongozi wa Chama na Serikali mliofuatana naye,
Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji,
Wazee wetu, shikamooni.
Wananchi wenzetu, mwangaluka.

KARIBU

Sisi wanafunzi wa Darasa la Usemaji, ambalo ni sehemu ya Kisomo cha Watu Wazima katika kijiji hiki, tunakukaribisha Nyabusalu. Tunajua umepita barabara mbaya, na vumbi lililo kwenye mabega yako ni la kwetu. Pole kwa safari.

Anayesoma risala hii kwa niaba yetu ni Mwamvua Shaaban, anayeuza vitumbua mbele ya ghala la pamba. Tulimchagua kwa sababu sauti yake inafika nyuma bila kipaza sauti, na kwa sababu nyingine aliyoitoa mwenyewe siku ya kupiga kura: "Nipeni mimi nisome. Mimi sina mkwe hapa kijijini." Maana ya maneno hayo utaiona mbele.

Lipo jambo moja la utaratibu ambalo hatuna budi kulisema mapema. Risala iliyopelekwa ofisi ya kijiji wiki iliyopita, nayo ikakubaliwa, siyo hii. Ile ilikuwa ya shukrani kwa pampu utakayoifungua leo. Tuliiandika wenyewe, tena kwa mwandiko mzuri. Kisha tukaisoma darasani kwa sauti kama ilivyo desturi yetu, na msomaji alipofika kwenye maneno "maji safi na salama" akanyamaza. Tulingoja aendelee. Hakuendelea, wala hakuna aliyemhimiza. Hii unayoisikia ni ya pili, na kila fungu lake limepitishwa kwa kunyoosha mikono, hata yale tuliyoyaongeza asubuhi ya leo.

TULIVYOANZA

Ndugu Mgeni rasmi, Nyabusalu ilianza mwaka 1974, tulipohamishwa kutoka kwenye maboma yetu ya zamani tukaletwa kuishi pamoja kwenye tambarare hii. Hapa palikuwa na mgodi wa dhahabu uliofungwa miaka ya sitini. Mitambo ilikwisha kuondolewa. Tulikuta sakafu za saruji, vyuma vyenye kutu, na nyasi.

Kisomo kilitufikia mwaka uliofuata, na wengi wetu tulifika hatua ya nne. Hata hivyo ilidhihirika kwamba mtu anaweza kusoma gazeti lote akiwa amekaa, lakini akiitwa mbele ya meza ya viongozi husahau hata jina la mtoto wake. Wengi wetu Kiswahili tulikikuta sokoni. Nyumbani tunasema Kisukuma, na wengine Kizinza. Mkutanoni kila neno hulazimika kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na likifika huko, mkutano umeshafungwa. Ndiyo maana mwaka jana tuliomba tufundishwe kusema.

TUNAVYOJIFUNZA NA TULIPOFIKIA

Tunasomea ndani ya ghala la pamba wakati hakuna ununuzi. Wasikilizaji wetu wa kwanza ni magunia matupu yaliyopangwa safu kwa safu, maana gunia halicheki. Jukwaa letu ni mizani ya kupimia pamba. Msemaji husimama juu ya bamba lake, na sisi wengine tunautazama mshale. Magoti yakitetemeka, mshale nao hutetemeka, na mtu hawezi kusema haogopi.

Mzee Nkwabi, mfugaji ambaye huita ng'ombe wake kutoka ng'ambo ya mbuga wakamsikia, alipopanda mara ya kwanza mshale ulicheza hata tukashindwa kusoma uzito wake.

"Baba, tulia," Mwamvua akamwambia. "Tunakupima wewe, au pamba iliyotiwa maji?"

"Cheka tu," Mzee Nkwabi akajibu. "Zamu yako inakuja, na mafuta yako ya vitumbua."

Zamu yake ilikuja, na mshale ulicheza vilevile.

Tumejifunza kwa mpangilio. Kwanza mtu hutaja jina lake na anapotoka. Halafu hutaja jambo moja, moja tu, lililomsimamisha. Halafu hueleza sababu yake. Halafu hukaa. Tumejifunza kuvuta pumzi kabla ya sentensi badala ya katikati yake, na kuacha kuufunika mdomo kwa kanga. Tumejifunza pia kwamba anayetetemeka si lazima angoje kuacha kutetemeka ndipo aseme. Hilo lilituchukua muda mrefu kuliko yote.

Matunda yapo. Mzee Nkwabi alisimama kwenye mkutano wa ushirika, akaeleza kwamba josho limekaa bila dawa na kupe wanaua ndama, kisha akakaa. Josho lilipata dawa. Akina mama waliomba zahanati ifunguliwe siku za gulio, nayo inafunguliwa. Haya si makubwa, lakini zamani yalikuwa yanasemwa jikoni tu.

MKUTANO WA KISIMA

Ndugu Mgeni rasmi, fungu hili kwa kawaida huitwa matatizo. Sisi tunaona vema tulieleze kama lilivyotokea.

Mwaka 1976, kabla darasa letu halijakuwapo, alikuja mtaalamu kutuchagulia mahali pa kuchimba kisima. Kijiji kizima kiliitwa. Aliyeombwa ushauri alikuwa Mzee Mabula, ambaye tangu ujana wake anajua kutafuta maji kwa kutazama nyasi na vichuguu, na visima alivyoonyesha katika vijiji vya jirani vinatumika hadi leo. Mzee Mabula alisimama, akatembea mpaka kwenye bonde dogo ambalo nyasi zake huwa mbichi hata kiangazi, akachomeka fimbo yake. Hakukosea. Maji yalikuwepo.

Mtaalamu akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Alikuwepo mmoja. Ni Eufrasia, mke wa kijana wa Mzee Mabula. Baba yake Eufrasia alikuwa mlinzi wa mgodi ule, naye amekulia kwenye tambarare hii. Alipokuwa msichana, bonde lile lilikuwa bwawa la matope meupe yaliyotoka kwenye mtambo wa kusafishia dhahabu. Mbuzi waliokunywa pembeni yake hawakufika nyumbani. Mgodi ulipofungwa, matope yalifunikwa kwa udongo mwekundu, nyasi zikaota, na sisi tuliokuja baadaye tukaona bonde zuri.

Lakini Mzee Mabula ni baba mkwe wake. Kwa desturi ya kwetu, mkamwana hapazi sauti pale alipokaa baba mkwe, hamtaji kwa jina, wala hasimami mbele ya watu kukanusha alilolisema. Siku ile Eufrasia alikuwa amekaa nyuma, upande wa wanawake, amempa baba mkwe wake kisogo kama inavyotakiwa. Alinyamaza. Wengine tulinyamaza kwa kuwa hatukujua. Mtaalamu hakuweza kuutofautisha ukimya wa mtu mmoja na ukimya wa watu wengine, akaandika kwamba wananchi wote wameafiki.

Nyumbani Eufrasia alimwambia mume wake. Ametuomba tuyaseme maneno yao kama yalivyokuwa.

"Pale chini kuna matope ya mgodi."

"Baba ameshasema mbele ya watu."

"Sasa?"

"Sasa unataka nikamwambie mzee kwamba mke wangu anakataa maneno yake?"

Kisima kilichimbwa kwa msaragambo. Sote tulishika jembe, na Eufrasia pia. Maji yake yalikuwa maangavu, hayana harufu, ila yaliacha mdomoni ladha kama ya kunyonya sarafu. Walianza ndama. Baadaye wakafuata watoto wadogo, kwa kutapika na kulegea. Alitangulia Onesmo, mtoto wa Zipora. Mama yake yupo hapa, nasi tunaendelea kumwita Mama Onesmo kwa sababu ndilo jina tulilomzoea kwalo. Akafuata mtoto wa jirani yake. Wa tatu alikuwa binti wa Eufrasia, mjukuu wa Mzee Mabula, aliyekuwa ameanza tu kusimama.

Zahanati iliandika kuhara. Hatubishani na zahanati. Haikuwa na kitu cha kupimia maji.

Baada ya mazishi ya tatu, Eufrasia alimweleza mama mkwe wake, na mama mkwe akamweleza mume wake. Asubuhi iliyofuata tulimwona Mzee Mabula akikokota matawi ya miiba peke yake, akaziba kisima. Tangu siku ile hajaonyesha maji mahali popote, hata alipofuatwa na watu wa mbali.

PAMPU

Mwezi Mei mwaka huu yalikuja magari yenye mtambo wa kuchimba. Mafundi walikuwa wameelekezwa mahali pa kuchimba kwa kufuata taarifa ile ya mwaka 1976, kwamba bonde lina maji na wananchi wameafiki. Wakachimba hatua chache tu kutoka kwenye ile miiba.

Tulisema. Safari hii tulisema. Mzee Nkwabi alimfuata fundi mkuu akamweleza kwa mpangilio aliojifunza: jina lake, anapotoka, jambo moja, sababu yake. Fundi alimsikiliza vizuri, kisha akajibu, "Mzee wangu, mimi kazi yangu ni kuchimba. Kuchagua ni kazi ya wengine." Tulimfuata Mwenyekiti wetu, naye akatuambia tarehe ya mgeni imeshapangwa na ng'ombe wa kuchinjwa ameshapatikana.

Tumeambiwa kwamba maji ya pampu yanatoka chini zaidi, kwa hiyo siyo yale. Inawezekana ni kweli. Hatujui. Tunalosema mbele yako ni hilo tu, kwamba hatujui, na kwamba hakuna aliyepima. Utepe ukishakatwa, watoto watakimbilia pale kabla gari lako halijafika barabarani, kwa sababu mto uko mbali na wao wamechoka kwenda mtoni. Hatutaweza kuwazuia kwa miiba. Kitu kilichofunguliwa na Serikali hakizibwi na wanakijiji.

MAOMBI

La kwanza, na ndilo lililotusimamisha: tunaomba usiifungue pampu hii leo. Utepe ubaki kama ulivyo na mpini ubaki na mnyororo wake.

La pili: tumechota maji ya pampu, siku mafundi walipoijaribu, na ya kisima cha zamani, tukayatia kwenye chupa tulizozichemsha na kuzifunga kwa nta. Zimo ndani ya sanduku lile la mbao. Tunaomba ziondoke na gari lako zifikishwe kwa Mkemia wa Serikali, na jibu lije lisomwe mbele ya kijiji, hata kama litaonyesha kwamba tulikuogopesha bure. Tutafurahi kupita kiasi tukionekana wajinga.

La tatu: jibu likichelewa, tunaomba angalau matangi ya kuwekea maji ya mto, ili akina mama wasiende kila siku.

La nne linatuhusu sisi. Tunaelewa kwamba kubadilisha risala iliyokubaliwa na ofisi si jambo dogo. Ikiwa hatua itachukuliwa, tunaomba ichukuliwe kwa darasa zima, kwa kuwa mikono iliyonyooshwa ilikuwa ya darasa zima, wala asitafutwe mmoja. Na ghala lisifungwe. Wapo ambao bado hawajapanda mizani.

ATAKAYESEMA BAADA YA RISALA

Ndugu Mgeni rasmi, tunaomba kibali Eufrasia asimame baada ya haya, akuonyeshe kwa mkono wake lilipokuwa ukingo wa bwawa. Sisi tumekusomea tuliyoambiwa. Yeye aliona. Amejiandaa kwa wiki nyingi, na huenda sauti yake ikawa ndogo. Tunaomba wenye kiu ya kupiga makofi wangoje.

Kwenye safu ya wazee kuna kiti kimoja hakina mtu. Ni cha Mzee Mabula. Haumwi, wala hajakasirika. Asubuhi alifika hapa kabla ya watu wote, akakitazama kiti hicho, akamwambia Mzee Nkwabi, "Nikikaa hapa, yule mtoto hatasema. Nikiondoka, atasema. Basi mimi naondoka." Yuko nyuma ya ghala, amekaa juu ya jiwe. Akitaka anaweza kusikia kutoka pale, lakini haonekani, na desturi imetunzwa. Tunaomba asipelekewe mtu wa kumwita.

MWISHO

Maji yaliyo mezani mbele yako, Ndugu Mgeni rasmi, unaweza kuyanywa bila wasiwasi. Zipora, Mama Onesmo, aliyafuata mtoni alfajiri, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa kipya. Kamati ya mapokezi ilimpa ufunguo wa mnyororo, ikamwagiza ajaze jagi kwa maji ya pampu, ili uwe wa kwanza kuyaonja mbele ya wananchi na picha ipigwe. Alikwenda mpaka kwenye pampu na jagi mkononi, akasimama, kisha akashika njia ya mtoni. Alipoulizwa kwa nini amechelewa, alijibu kwamba hawezi kumpa maji yale mtoto wa mama mwingine.

Mungu akulinde katika safari ya kurudi. Awape viongozi wetu nguvu ya kusikia jambo gumu na kulala nalo. Awahifadhi watoto wa Nyabusalu waliobaki, na awapumzishe wale watatu.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Usemaji,
Kisomo cha Watu Wazima,
Kijiji cha Nyabusalu,
Agosti 1978.