Bi. Ruthu Chilongani na Sakafu Iliyolowa kwa Chini

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Ruthu Chilongani, Mhudumu Mkuu wa Usafi katika Kituo chetu cha Kumbukumbu za Malisho, anastaafu kwa mujibu wa sheria akiwa na umri wa miaka sitini. Amekitumikia Kituo kwa miaka thelathini na mitatu na miezi mitatu. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakuu saba, na wote saba wamepita juu ya sakafu aliyoisafisha yeye. Anayeandika wasifu huu ni Damas wa Utawala, na anaomba radhi mapema kama hautachangamka kama inavyotakiwa. Amechoka, na sababu itaonekana huko mbele.

Bi. Ruthu, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Yotham, alizaliwa Haneti. Aliingia kazini Machi 1992 kama kibarua, wakati ofisi yetu ikiwa bado kwenye lile jengo la zamani la Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Sakafu ya kule ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, naye aliisugua kwa nta na kumbi la nazi mpaka mtu akawa anaogopa kuikanyaga. Asubuhi alitusalimia wote kwa Kigogo, mbukwa, na aliyekuja kutoka mkoa mwingine alijifunza kuitikia kabla hajajifunza mahali choo kilipo.

Wenzake wanakumbuka kwamba aliwajua watu kwa nyayo. Aliweza kusema nani ameingia, nani amechelewa na nani amepitia sokoni kwanza, na hakuwahi kumchongea mtu. Wanakumbuka pia ule mwaka bomba lilipokauka siku tisa mfululizo. Kila siku alipewa ndoo mbili, na kwa ndoo hizo alisafisha ofisi nzima: maji ya kuoshea vikombe yakaenda kwenye madirisha, ya madirisha yakaenda sakafuni, ya sakafuni yakaenda chooni. Msomaji aikumbuke habari hii, itahitajika.

Novemba 2022 tulihamia jengo jipya Njedengwa. Sakafu ilitandikwa vinaili, zile mbao za plastiki zenye sura ya mninga, na tuliambiwa haipitishi maji. Siku ya makabidhiano mkandarasi aliwaonyesha wakubwa: akamwaga jagi zima la maji juu ya kipande kimoja, akakipangusa kwa kitambaa, kikabaki kikavu. Tulipiga makofi. Ukweli ni kwamba hakudanganya, kwa juu maji hayapiti. Katika wote tuliokuwepo hakuna aliyeuliza habari za maji ya chini, kwa kuwa hapa ni Dodoma na maji tunayatafuta hata bombani hatuyapati.

Fundi Lameck, aliyesimamia matengenezo upande wetu, alikuwa amesema mapema kwamba zege halijakauka, lisubiriwe walau wiki sita. Alisema pia kwamba hakuona nailoni ya kuzuia unyevu ikitandikwa kabla zege halijamwagwa. Lakini mgeni rasmi alikuwa ameshapangiwa tarehe na kadi zilikuwa zimeshachapwa. Vinaili ikatandikwa siku ya kumi na moja tangu zege limwagwe. Haraka haraka haina baraka, kila mtu anaujua msemo huo, na siku ile hakuna aliyeusema.

Mvua za Februari 2023 zilipokolea, sakafu ikaanza kujikunja. Kingo za mbao zikainuka, maungio yakaachia, ukikanyaga unasikia majimaji chini ya soli. Gundi ililegea ikawa kama uji. Korido ikanuka soksi. Kamati ya watu watano ikakaa siku mbili ikatafuta mchawi, na mchawi akapatikana upesi, ana ndoo na dekio. Ripoti ikasema chanzo ni matumizi ya maji kupita kiasi wakati wa usafi. Tarehe 22 Machi Bi. Ruthu akapewa barua ya onyo. Jina lake, lililokuwa limeshapitishwa kwa zawadi ya mfanyakazi hodari wa Mei Mosi mwaka ule, likafutwa. Mtu aliyewahi kuosha ofisi nzima kwa ndoo mbili aliandikiwa kwamba anamwaga maji ovyo, na afisa aliyeichapa barua hiyo ndiye huyu anayeandika wasifu. Aliichapa bila kuuliza swali hata moja. Naona aibu, na sioni sababu ya kutafuta neno la adabu zaidi.

Mama Yotham hakugomba. Kwanza aliacha kupiga deki kabisa. Kwa miezi miwili alipangusa kwa kitambaa kikavu tu, na sakafu ikazidi kuharibika. Halafu akakumbuka mambo ya kwao. Mama yake, kabla ya kumwaga karanga ndani ya nyumba, alikuwa akitandika ngozi ya mbuzi chini siku mbili, na ikikutwa imelowa upande wa ardhini, karanga zinasubiri nje. Yeye alitumia kipande cha nailoni. Alikibandika kwa utepe wa gundi pande zote nne, mahali ambapo vinaili ilikuwa imeng'oka na saruji inaonekana. Cha kwanza kilibanduliwa na mtu aliyedhani ni takataka. Cha pili alikiwekea kiti juu. Siku ya tatu alimwita Lameck, wakakuta matone yamejipanga chini ya nailoni, na juu yake pakavu. Lameck aliandika taarifa ya ukurasa mmoja. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikalala.

Hapo ndipo alipoanza kuomba jambo moja, na aliliomba kwa maandishi mara tatu: chumba namba tisa kifunguliwe. Chumba hicho ni cha Bwana Gideoni wa Takwimu, ambaye wiki ile ile ya kuhamia alipata nafasi ya masomo Morogoro, akafunga mlango na kuondoka na ufunguo mfukoni. Funguo za akiba hazikujulikana zilipo. Dekio la Mama Yotham halikuwahi kuvuka kizingiti kile. Kama sakafu ya humo ni nzima, alisema, basi kosa ni langu na nitanyamaza. Alijibiwa kwamba mlango wa serikali hauvunjwi kwa sababu ya sakafu, na kwamba inahitajika kamati. Kamati haikuundwa.

Bwana Gideoni alirudi Septemba 2024, baada ya miezi ishirini na miwili. Ufunguo ulizunguka lakini mlango haukufunguka, ukasukumwa na wanaume wawili. Mbao za vinaili zilikuwa zimeinuka nyuma yake na kuuzuia. Ndani kulikuwa na ukungu mweusi kwenye kuta mpaka usawa wa magoti na chumvi nyeupe kwenye maungio yote. Hicho ndicho kilikuwa chumba kilichoharibika kuliko vyote, na hakuna aliyewahi kukipiga deki hata siku moja. Mkuu wa Kituo wa wakati huo alisimama mlangoni, akasema "Haya," akaondoka. Mama Yotham aliomba fagio.

Mwandishi aliandaa barua ya kufuta onyo mwezi uliofuata, Oktoba. Mkuu alisema aachiwe mezani. Januari akahamishwa. Kaimu wake, ambaye ni mtu mwema, anasema hawezi kufuta barua ambayo hakuisaini. Imekumbushwa mara nne. Alhamisi iliyopita imerudi bila saini, ikiwa na maelekezo kwamba asubiriwe Mkuu mpya. Mwandishi alikwenda kumweleza Mama Yotham akiwa anakunja vitambaa vyake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi naondoka Jumatatu, baba, ila ile karatasi inabaki." Baada ya hapo akamwambia akapumzike, anaonekana amechoka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Vinaili ya korido yote imeshang'olewa, zege linaachwa likauke, na kila mwezi Lameck analipima kwa kipande cha nailoni, kama alivyofundishwa na mhudumu wa usafi. Hilo nalo liwekwe kwenye orodha ya mafanikio ya Kituo, pamoja na jina la mwenyewe.

Kuhusu ile karatasi, mwandishi hana mamlaka ya kuiondoa. Lakini masjala ina utaratibu wake, nao hauhitaji saini ya Mkuu. Andiko lolote la Kituo linalomhusu mtumishi huingia kwenye jalada lake, na karatasi ya mwisho kuingia kabla jalada halijafungwa siku ya kustaafu ndiyo hukaa juu. Onyo ni karatasi namba 46. Wasifu huu ni namba 47. Yeyote atakayefungua jalada la Ruthu Chilongani, leo au miaka ishirini ijayo, atakutana kwanza na maneno haya: sakafu ya Njedengwa iliharibiwa na maji yaliyotoka chini, na huyu mama hakuhusika.

Mama Yotham, asante kwa miaka yote hii, na utusamehe ile miwili ya mwisho. Wafanyakazi wote tunakuombea afya, mvua za kutosha shambani Haneti, na asubuhi nyingi za kuamka bila kufikiria nyayo za watu. Karatasi namba 47 imeshagongwa muhuri.