Kuku wa Baba Mkwe

Benchi letu liko Kangemi, nyuma ya soko, pale Mutiso anapoweka birika lake la kahawa chungu kuanzia saa tano asubuhi. Ni ubao mmoja juu ya matofali sita, na matofali yenyewe aliyaleta Sifuna, fundi wa mawe, kutoka mjengo fulani wa Westlands ambao mpaka leo hatuutaji. Mimi nashona viatu hatua tatu kutoka hapo, kwa hiyo nasikia yote hata nisipotaka. Wengine ni Were, tunayemwita Wakili kwa sababu anapiga deki kortini, na Jamleck, askari wa usiku huko Loresho, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Ulikuwa mwaka ule wa kupiga kura kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake, Jumamosi, jua la kuchoma utosi, na Sifuna akaja amempakata kuku kifuani kama mtu anayetoka kliniki na mtoto.

Kuku alikuwa mwekundu, mnene, miguu imefungwa kamba ya katani. Sifuna akatandika karatasi mwisho wa benchi ili ubao usichafuke, akamweka hapo juani, akaagiza kahawa.

— Sifuna, hiyo ni kuku ama umezaa? — Redio akauliza.

— Niacheni. Leo nimepatikana.

Akatueleza polepole, kikombe mkononi. Kuku huyo alitumwa na mama yake kutoka Bungoma kwa basi la usiku, na alikuwa na kazi moja tu. Jioni hiyo baba yake Nanjala, mzee ambaye Sifuna hajawahi kumwona kwa macho, angefika kuangalia nyumba anamoishi binti yake na Sifuna. Kwao, mkwe akija akaondoka bila kuonja kuku, tena bila firigisi, ambayo ni ya mgeni mwenyewe, ni kama umemwambia asirudi. Mzee akikasirika atamchukua Nanjala aende naye. Sifuna alisema wazi kwamba bila Nanjala hiyo nyumba hawezi kulala ndani. Sisi ni watu wa kucheka kila kitu, lakini hapo hatukucheka.

Shida ilianzia mjini, alipokwenda kumpokea kuku kwenye basi. Alimshika miguu, kichwa chini, vile sote tunavyobeba. Mama mmoja wa Kihindi akamsimamisha, sari na viatu vya raba, kifuani beji ya chama cha kutetea wanyama, jina Chandrika. Hakumfokea. Alimgeuza kuku kwa mikono yake mwenyewe, akampa Sifuna karatasi, akamwuliza kama anaahidi kwamba kuku huyo hatateseka mikononi mwake.

— Na wewe ukasema nini? — tukamwuliza.

— Nikasema ndiyo. Nilikuwa nataka tu kuenda zangu.

— Basi imeisha, — Wakili akasema. — Hukuapa.

— Sisi Friends hatuapi, Wakili. Ndiyo yetu ndio kiapo. Nikisema ndiyo halafu nimchinje, kesho kanisani nitakaa aje?

Wakili alijua hilo. Amewaona watu wa kanisa la Friends wakikataa kushika Biblia mbele ya hakimu, na hakimu anawaacha, kwa sababu neno lao likishatoka limetoka. Kwa hiyo akabadilisha njia. Akasema kuteseka ni kitu cha kabla, na kuchinjwa ni kitu cha baadaye, na katikati hapo sheria huwa imelala. Alipoona Sifuna hatulii, akaongeza kwamba mama yule alitaja mikono ya Sifuna peke yake.

— Mikono ya Redio haikuahidi kitu. Redio amchinje.

Redio akakubali upesi, kwa masharti ya paja moja na shingo. Sifuna akatikisa kichwa. Huo ni ujanja, akasema, na Mungu anauona hata akiwa Bungoma.

Redio akaudhika kukosa paja, na akiudhika hufunguka. Akasema hawa watu wa haki za wanyama hawakuja bure. Leo wanakuuliza kama kuku anateseka, kesho chifu anapita nyumba kwa nyumba kuandikisha kuku majina, na uchaguzi ujao kuku watapangwa mlolongo kama sisi. Na Kangemi nzima kuku ni wengi kuliko watu.

— Watatuchagulia mbunge, — akasema. — Wewe utafanya nini?

Mutiso, ambaye huongea mara mbili kwa siku, akasema kuku angalau atajua amesimama nyuma ya nani.

Wakili naye akaona ajira. Kuku akiwa na haki atahitaji mtu wa kumsemea, na yeye anazijua korido zote za korti. Wakati huo kuku alikuwa amefungua mdomo. Mabawa ameyaachanisha na mwili, kifua kinapanda na kushuka.

— Ona, anataka kusema kitu, — Redio akasema.

— Taarifa yake iandikwe, — Wakili akajibu.

Tukamtazama kwa heshima, tukanywa kikombe cha tatu. Hata mimi nikaacha kiatu cha watu nikatoa langu. Nikasema kila asubuhi sisi tunakwenda kazini tukining'inia kwenye mlango wa gari, na hatujaona mama yeyote wa kutugeuza. Walinipigia makofi. Nilijisikia mtu mkubwa sana, na leo nikikumbuka naona aibu.

Kuku akalaza shingo juu ya ubao, macho nusu. Redio akasema amekubali yaishe. Mutiso akainamisha birika, likatoa nusu kikombe cha machicha, na hiyo ndiyo ilikuwa kahawa ya mwisho siku ile.

Ndipo mzee mmoja akasimama mbele yetu, amevaa koti zito kwenye jua lile, fimbo mkono mmoja, kikapu mkono wa pili. Akatusalimu. Tukampisha akae, hakukaa. Alikuwa anaangalia mwisho wa benchi.

— Huyu kuku amekunywa maji saa ngapi?

Wakili alimtazama Redio, Redio akanitazama mimi, nami nikamtazama Sifuna. Tulikuwa tumezungumza saa nzima na zaidi, na ndoo ya Mutiso ya kusuuzia vikombe ilikuwa hapo hapo karibu na miguu yetu.

Mzee akainama, akafungua kamba taratibu, akaomba kikombe, akachota. Kuku akanywa, akainua kichwa, akanywa tena, vikombe viwili. Karatasi, ile ya Chandrika, ikateleza chini yake na mimi nikaiokota kwa ncha. Mistari ya juu ilikuwa bado inasomeka. Mpe maji. Usimfunge juani. Mwambie na jirani yako. Ilikuwa ya Kiswahili chepesi kabisa, na hatukuwa tumeisoma.

— Lakini mzee, hiyo ni ya kuchinjwa leo, — Redio akasema.

— Kuchinjwa ni jioni. Kiu anayo sasa.

Akaikunja ile kamba, akaitia mfukoni.

— Sitaki kujua nani alimfunga hivi. Mtu kama huyo mimi singemwachia hata mbuzi, sembuse mtoto. — Akachukua kikapu chake. — Nimefika mapema. Natafuta fundi mmoja anaitwa Sifuna. Binti yangu Nanjala yuko kwake.

Wakili akachungulia kikombe chake kitupu. Redio alizimika, mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi nikavuta uzi ambao haukuwa na sindano. Hakuna kati yetu ambaye angemtaja. Sifuna angeweza kukaa kimya, mzee apite, naye ajipange upya na shati lingine.

Sifuna akainuka. Akajifuta viganja kwenye suruali, akamchukua kuku kwa mikono miwili, kichwa juu.

Mzee akamtazama yeye, akamtazama kuku, akamtazama yeye tena.

— Sifuna ni wewe?

— Ndiyo, — akasema.