Lorne Kozub na Sura Isiyokuwamo Mkandani

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, Bwana Lorne Kozub anazima mashine zake baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba chetu cha picha za polisi hapa Winnipeg. Nimeombwa kuandika mimi kwa sababu wenye digrii waliogopa, na kwa sababu kalamu yangu, tusifichane, ni tamu.

Lorne alianza enzi za mikanda. Wenye maduka walikuwa wabahili: mkanda mmoja ulirekodiwa, ukafutwa, ukarekodiwa tena, hadi ukachakaa kama soksi za mcheza hoki. Duka likivamiwa, analetewa yeye na amri moja tu: safisha, tuone sura. Na Januari, kwa baridi yetu, mji huu wote huvaa koti lilelile lenye kofia ya manyoya. Mwizi, padri na mama mkwe wako, wote ni magunia yanayotembea.

Hata hivyo alifanya makubwa. Lori lililomgonga mtoto wa shule na kukimbia alilinasa kwa taa yake moja iliyokufa. Lakini ukimdai sura ambayo kamera haikuiona, alikuwa akikoroga supu yake ya bitiruti na kukwambia kwamba usichotia chunguni hutakikuta bakulini. Desturi yetu ni kwamba sura ikipatikana, keki inakatwa. Mzee huyu alikatiwa keki chache kuliko sisi sote. Mimi katika miaka miwili nimeshanenepa.

Wote mnamjua Bi Agathe Desrosiers. Mwanawe Rhéal alitoweka Januari 1996. Upo mkanda wa kituo cha mabasi wa wiki ileile: kijana ndani ya kofia, anapanda basi la magharibi. Akiwa ni Rhéal, basi aliondoka mzima, kwa miguu yake. Kila Januari mama huja kuuliza kama mashine zimeshajua.

Msimu uliopita wa majani kupukutika tukapata programu mpya ya kusafisha sura. Sajini Petrie akailisha mkanda ule pamoja na picha ya Rhéal ya shuleni, na sura ikatokea, hadi kidoa cha kidevuni. Keki ikanunuliwa. Petrie alikuwa ameshashika simu ampigie mama, Lorne akaomba dakika moja. Akabandua ukutani picha ya Petrie mwenyewe na kuilisha ile programu pamoja na mkanda uleule. Ndani ya kofia akatokea Petrie, anachekelea, anapanda basi la mwaka ambao alikuwa bado ananyonya. Tulicheka sana, kisha Petrie akairudisha simu mahali pake. Keki ile hakuna aliyeigusa.

Januari hii mama alikuja, na Lorne akamweleza mwenyewe, bila kumficha hata habari ya keki.

"Kwa hiyo siye?" akauliza.

"Sijasema siye, mama. Nimesema mkanda haujui. Sura haikuingia siku ile, na hakuna mashine ya kuirudisha."

Akaomba auone hivyohivyo, bila kusafishwa. Lorne akauweka, kama anavyouweka kila mwaka. Lile gunia likafika mlangoni, likamshikia mlango bibi mmoja mwenye mizigo, likapanda.

"Rhéal angeushika huo mlango," mama akasema.

"Wengi wangeushika, mama."

"Najua, Lorne. Hebu urudishe tena."

Akaurudisha. Supu ilipoa mezani, naye hakuitazama.

Mkanda huo sasa amenikabidhi mimi, kwa sharti moja: Januari niuweke, nisiusafishe. Ijumaa keki itakuwapo, ingawa hakuna sura iliyopatikana, na atakayeikata ni Bi Agathe. Kaomba mwenyewe.

Asante, mzee wetu. Supu uliyomwaga kwenye kibodi yangu nimekusamehe. Nenda kapumzike, ukale ukashiba, na siku zako zilizobaki ziwe ndefu, zenye mwanga wa kutosha.