Bi. Kavindu, Roboti na Birika la Maji

Tunawaomba radhi wafanyakazi wenzetu kwa kimya kirefu cha jarida hili. Leo tumelazimika kukivunja, kwa kuwa Bi. Kavindu Mwangangi, mhudumu mkuu wa ukumbi wa kulia, anastaafu tarehe thelathini Juni baada ya kuitumikia Hoteli ya Kithima, hapa mjini Kitui, kwa miaka thelathini na mmoja.

Alitoka Kathonzweni akaanzia jikoni, akiosha sufuria. Alihamishiwa ukumbini baada ya meneja kugundua kwamba wateja walikuwa wakipitia jikoni kumsalimu kabla ya kuketi. Tangu hapo hakuna aliyekula kwetu bila kunawishwa kwa maji ya vuguvugu, wazee wakitangulia.

Mwaka jana uongozi ulinunua roboti ya kubebea sahani. Wengi wetu tulihofia kufutwa kazi.  Bi. Kavindu aliifunika kila asubuhi kwa kitambaa cha meza, akidai kwamba anaikinga vumbi.

Kisha wakaja wageni wa mahari, wakiongozwa na Mzee Munyao. Roboti iliingia na nyama wakati mchungaji wao akiwa katikati ya sala, ikawa inarudia kuomba njia. Mchungaji aliendelea, roboti nayo iliendelea. Hatimaye sala ilifupishwa, jambo ambalo hatukuwahi kulishuhudia. Mzee Munyao akauliza kwa sauti huyu ni mtoto wa nani, aletaye chakula watu hawajanawa. Bi. Kavindu alisimama mbele ya roboti akiwa na birika na beseni. Kwa kuwa imeundwa kutompita mtu, ilimfuata polepole, mgeni kwa mgeni, hadi wote wakanawa. Ukumbi mzima ulicheka.

Wawili hao wamefanya kazi hivyo tangu siku hiyo. Yeye mwenyewe anakiri kwamba magoti yake yamepata nafuu, na kitambaa kimerudi mezani.

Sasa uongozi unatafakari: nafasi yake ijazwe na roboti ya pili, au apewe Mutindi Musyimi, ambaye kwa muda mrefu amekuwa kibarua tu? Tulipomuuliza Bi. Kavindu anataka zawadi gani, alikataa blanketi. Alisema Mutindi aajiriwe; mashine ibebe sahani, lakini maji yamiminwe na mtu.

Asante, Bi. Kavindu. Nenda ukalime ndengu zako kwa amani, na safari hii uketi, unawishwe wewe. Uongozi utakutana Jumatatu. Uamuzi ukitoka, tutakuandikia. Kwa sasa, birika analo Mutindi.